Simu Iliyosema Pumzika

Tiketi ilifungwa kabla chai yangu haijapoa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi ofisini kwetu Kilburn, London, juu ya duka la mapazia, ambako watu saba tulikuwa tukitengeneza programu ya rota, yaani ratiba ya zamu, kwa kampuni za kutunza wazee majumbani. Tiketi kwetu ni malalamiko: mteja akiona kitu hakifanyi kazi anaandika, nasi tunasoma. Hii ilisema kwamba mhudumu mmoja wa Peckham hakwenda kwa mzee wake Ijumaa, na sasa anadai simu yake ilimwambia hana kazi siku hiyo. Mkuu wetu wa programu alifungua ukurasa uleule kwenye kompyuta yake, akaziona ziara nne za mhudumu yule zimejipanga sawasawa, akaandika kwamba tatizo halionekani, ni kosa la mtumiaji. Akaifunga tiketi.

Nikaifungua.

Akaifunga mara ya pili, akaweka na kikatuni cha kutabasamu. Nikaifungua mara ya pili, bila katuni. Alipokuja mezani kwangu kuuliza kama nina tatizo, nilimwambia ninalo, na limo ndani ya tiketi anayoifungafunga.

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Mama yangu, kule Mombasa, hupenda kuwaambia wageni kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini siku ile hasira yangu ilikuwa na sababu. Kabla ya kukalia kiti cha kuzunguka cha ofisini nilikuwa mhudumu kwa miaka minne kusini mwa London, nikiosha migongo ya watu, nikiwalisha uji, nikiwageuza kitandani. Kila nyumba unayoingia huitwa ziara, na kati ya ziara na ziara kuna basi. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza humo ndani ya mabasi, kwenye simu, nikiwa na harufu ya sabuni ya hospitali mikononi. Kwa hiyo mtu wa ofisini anaposema "mtumiaji," mimi simwoni mtumiaji. Namwona mwanamke amesimama kituoni, mvua inamnyeshea, vidole vimekufa ganzi, anatafuta kwenye simu nyumba ya kwanza ni ipi.

Saa saba mchana mwanamke huyo akanipigia.

Tiketi haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu, lakini sauti iliponiambia, "Sister, wamenisimamisha kazi," sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Nakuru kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuja kutunza wazee wa watu. Alinizidi umri kwa miaka kumi na mitano na nilimwita mama, ila yeye aliniita sister kwa mazoea ya kanisani kwake, ingawa anajua fika mimi siendi kanisani. Mwaka wangu wa mwisho katika kazi ile, kampuni ilinipa jukumu la kumtembeza na kumfundisha kazi. Nilimwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuuvunja mgongo wake wala wako. Nilimwonyesha wazee wanaotaka mazungumzo kwanza kabla ya kuvuliwa nguo. Na rota ya karatasi ilipoondolewa ikaletwa ya simu, programu ileile niliyokuja kuajiriwa niitengeneze, nilimwambia maneno ambayo yananiuma mpaka leo. Nilimwambia asimsikilize mtu yeyote, aangalie simu. Watu wanasahau, simu haisahau.

Sasa alikuwa na kikao cha nidhamu Alhamisi saa nne asubuhi. Mzee ambaye hakwenda kwake alibaki kitandani mpaka adhuhuri, alipokuja bintiye na kumkuta amelowa na analia; ziara tatu za baadaye ofisi ilizipatia mtu mwingine. Hakuumia, lakini alilia, na mama huyu alipoelezwa alilia zaidi yake. Kibali chake cha kuishi nchi hii kimefungwa na kazi ile. Akifukuzwa, kibali kinakwenda na kazi, naye atabaki na wiki chache za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Kule nyumbani ana binti chuoni na nyumba iliyofika kwenye madirisha. Alinieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio, na sauti hiyo ndiyo iliyonitoa ofisini mapema.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa chumbani kwake Peckham, ghorofa ya tatu. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa kwenye sufuria kama mtu anayetegemea wageni sita. Nilimwomba simu yake. Ilikuwa kuukuu, kioo kimepata ufa pembeni, na ilikuwa imefikia umri ambao watengenezaji wake hawaipelekei tena marekebisho mapya. Nilifungua rota yake humo, kisha nikaifungua kwenye simu yangu kwa jina lake, yeye mwenyewe akiandika neno la siri. Nikaziweka simu mbili juu ya kitambaa cha meza, ubavu kwa ubavu.

Yangu ilionyesha ziara zote za siku ile ambazo walikuwa bado hawajamwondolea. Yake ilikuwa nyeupe. Katikati ya weupe huo kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na jua dogo la manjano limechorwa juu yake. Yalisema: huna ziara leo, pumzika vyema.

Sentensi ile niliijua kwa sababu niliiandika mimi. Nilipoajiriwa, ukurasa wa siku isiyo na kazi ulikuwa mtupu kabisa, na nilisimama kwenye mkutano nikasema kwamba wahudumu ni binadamu, wanastahili neno zuri siku ya mapumziko. Niliipigania sentensi hiyo, nikalipigania na jua. Niliposhinda nilimpigia mama yangu simu kumsimulia.

Nilimuuliza mama wa Nakuru simu yake ilianza lini kusema hivyo. Akasema zamani, tangu ukurasa ulipobadilishwa rangi. Nikahesabu: karibu miaka miwili. Nikamuuliza, basi, miaka miwili hiyo amefanyaje kazi, na hajawahi kukosa hata ziara moja? Akainuka akaenda kukoroga chai ambayo ilishakorogwa.

Kisha akanieleza. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wote wa kampuni ileile, wote wenye simu za mtumba au za kurithiwa, na zote zilisema pumzika kila siku ya Mungu. Wa kumi na mbili alikuwa na simu mpya aliyonunuliwa na bintiye, naye akiishi Kilburn, mitaa miwili tu kutoka ofisini kwetu, laiti ningejua. Wenzake walimpa maneno yao ya siri akayaandika kwenye daftari. Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, alifungua rota ya mmoja baada ya mwingine na kuzisoma kwa sauti kwenye kundi lao la simu: wewe unaanza kwa nyanya wa ngazi ndefu saa moja na nusu, wewe una yule mzee wa mbwa, chukua mwavuli. Alisoma kama anayesoma matangazo ya kanisa. Sentensi yangu nayo wakaigeuza mzaha. Mmoja akilalamika kwamba miguu imevimba, wenzake walimjibu, "Pumzika vyema."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kikombe. Nilimuuliza kwa nini hawakusema hata siku moja.

"Tuseme nini, sister?" akasema. "Tulidhani ni simu zetu. Ukienda office watakuambia buy another phone, ama waseme huyu mama hajui technology. Sisi tulikuwa tunamanage."

Huo ndio ugonjwa wetu, na nauandika hapa kwa sababu nami ninao. Tunaona ubao wa sakafu umeoza, hatuiti fundi. Tunafundishana pa kukanyaga. Tunafundishana vizuri mno hata mwenye nyumba hajui kama kuna shimo. Wanawake wale walikuwa wameuficha ubovu wa kazi yangu kwa miaka miwili, kwa wema wao, kwa kuamka mapema, na mimi nilikuwa nimekaa Kilburn nikiamini ukurasa wangu ni mzuri.

Wiki ya ile Ijumaa, msomaji wao alifiwa na baba. Alhamisi alipanda ndege kwenda Kitale kuzika, na kwa machungu yake akasahau kuwaachia mtu. Nani angemlaumu? Ijumaa kundi lilikuwa kimya. Wengine walipiga simu ofisini au waliziendea nyumba walizozoea. Mama huyu alifungua simu yake mwenyewe, akaliona jua.

"Hakuna aliyenisomea kazi, nikajiambia leo simu imesema kweli, wamenikumbuka," akasema. "Mimi sijapata Friday off tangu nije. Nikashukuru, nikafua nguo."

Alinishika mkono akaniambia nisilitaje kundi popote. Kumpa mwenzako neno la siri ni kosa la kufukuzwa, na kuziweka anwani za wagonjwa kwenye simu za watu ni kosa kubwa zaidi. "Afadhali niende mimi peke yangu, kuliko twende sisi wote," akasema. Nikaapa. Nikaomba aniazime simu yake, na kwa kuwa alikuwa amesimamishwa, hakuwa na haja ya rota.

Jumanne nilifika ofisini mapema, nikaichomeka simu ile kwenye kompyuta ili niweze kuona inachofanya ndani. Mkuu wetu aliitazama kama kitu kilichookotwa. Akanishauri nimwambie mhusika asasishe kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, nami nikamjibu kwamba simu ile haina tena kinachoweza kusasishwa, na kwamba nusu ya wahudumu wa London wana simu kama ile. Akasema basi hao si watumiaji tunaowalenga. Nikaigeukia simu. Nilijua nikifungua mdomo nitafukuzwa siku mbili kabla ya mama.

Ukurasa wetu hufanya kazi hivi: simu inatuma ombi kwa seva, kompyuta kuu inayotunza data, seva inarudisha ziara za wiki nzima, kisha JavaScript inachambua jibu, inachuja za leo na kuziweka kwenye kioo. Nilianza kwa kushuku mtandao, kwa sababu mtandao ndio mtu wa kwanza kusingiziwa. Nikapoteza saa nzima. Jibu lilikuwa limefika zima, halina upungufu. Nilizichapisha ziara moja moja na zote zilikuwepo, mtaa, mlango, saa. Nikashuku kwamba simu inakumbuka ukurasa wa zamani. Nikafuta kumbukumbu yake yote, nikafungua upya, jua likanichekea tena. Nikashuku kwamba nimetumia amri ambayo kivinjari cha zamani hakiijui, lakini ingekuwa hivyo programu ingekwama na kulalamika, na hapa hakuna kilicholalamika. Hilo ndilo lililonichanganya. Kila kitu kilikwenda salama mpaka mwisho, halafu jawabu likawa uongo.

Baada ya chakula cha mchana nikaacha kukisia. Niliweka swali dogo kwenye kila hatua: una ngapi sasa? Baada ya kupokea, ziara ishirini na mbili. Baada ya kuchuja za leo, sifuri. Basi mwizi yumo kwenye kuchuja. Nikaiuliza simu: ziara ya kwanza inaanza lini? Ikajibu kwamba hiyo si tarehe. Nikaiuliza kompyuta swali hilohilo, kwa data hiyohiyo, ikajibu Jumatatu saa moja na nusu asubuhi.

Seva ilikuwa inatuma tarehe kama maandishi: mwaka, mwezi, siku, kisha nafasi tupu, kisha saa. Kanuni inataka herufi moja isimame kwenye ile nafasi. Kivinjari cha kompyuta zetu ni kama muuza duka anayekujua tangu utoto. Ukisema "nipe kile" anakupa. Kivinjari cha simu ile kilikuwa karani: fomu haijajazwa, irudi ilikotoka. Na tarehe iliyokataliwa ina tabia mbaya. Ukiuliza kama iko baada ya leo alfajiri, inasema hapana. Ukiuliza kama iko kabla ya kesho, hapana. Haipigi kelele, inasema hapana tu kwa kila swali. Hivyo kichujio kilizitupa ziara zote, moja baada ya nyingine, kwa adabu, halafu mstari uliofuata ukaona orodha ni tupu na kumtakia mhudumu mapumziko mema.

Programu zina kumbukumbu ya nani aliandika mstari upi. Niliuliza nani aliandika ule wa tarehe. Jina lililotokea lilikuwa langu, wiki ya pili tangu niajiriwe. Pembeni nilikuwa nimeandika kwamba nimejaribu na inafanya kazi. Kweli nilijaribu. Nilijaribu kwenye kompyuta mpya niliyopewa, ambayo niliipenda hata nikawa naifuta vumbi kwa mtandio wangu.

Niliona aibu, nami si mtu wa aibu. Miaka minne nilikuwa nimetembea na simu ya kupasuka mfukoni, na wiki mbili za kiti cha kuzunguka zilitosha kunisahaulisha kwamba simu kama hizo zipo.

Jumatano nikamwonyesha mkuu wetu. Alielewa haraka, hilo nampa. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja, nao ulikuwa tayari. Akasema yaingie jioni ile, na kwenye taarifa kwa wateja tuandike kwamba tumeboresha uonyeshaji wa tarehe kwenye simu za zamani. Nikamuuliza kuhusu kikao cha kesho. Akasema kikao ni cha kampuni ya wahudumu, si chetu, na tukikiri kosa kwa maandishi tutajitafutia mawakili. Kisha akapunguza sauti, akaniambia kwamba yeye ananilinda mimi, kwa sababu jina lililo kwenye mstari ule ni langu.

Nilimjibu kwa Kiingereza, polepole, ili asije akasema hakunielewa.

"Usinilinde. Mwanamke yuko karibu kufukuzwa nchini kwa mstari nilioandika mimi. Kesho naomba siku ya likizo, na nitaitumia kwenda kusema hivyo."

Akasema hawezi kuniruhusu. Nikamwambia sikuomba ruhusa ya kusema, nimeomba likizo, na likizo ninayo. Mwishowe akakubali siku moja. Jioni marekebisho yaliingia, lakini kabla hayajaingia niliuhifadhi ukurasa wa zamani kama ulivyokuwa, kwenye anwani ya pembeni, kwa kazi moja tu.

Ofisi ya kampuni iliyomwajiri mama iko Queensbury, nikafika huko Alhamisi kabla ya saa nne. Mwenye kampuni ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kukulia huko, mtu wa kola iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Karani wake wa Kiingereza alikaa pembeni kuandika kumbukumbu. Mama alikuwa amevaa suti yake ya Jumapili. Nilikuwa nimeomba dakika tano, na mzee akasema nipewe tano, si sita.

Nikaweka simu ya mama mezani, simu moja tu. Nikafungua ukurasa wa zamani: huna ziara leo, pumzika vyema. Nikafungua ukurasa mpya, kwenye simu ileile, data ileile ya Ijumaa: ziara nne, na ya kwanza ni ya mzee aliyelia. Nikasema kwamba simu haina kosa na mwenye simu hana kosa. Mzee akauliza kosa ni la nani. Nikasema ni langu, nikampa karatasi yenye mstari wenyewe na jina langu. Akaisoma mpaka mwisho, ingawa sidhani aliielewa. Akaikunja akaiweka chini ya mkono wake.

Kisha akaacha Kiingereza. Alimgeukia mama na kumuuliza kwa Kiswahili cha Kisumu, swali nililokuwa nikiliogopa tangu Jumatatu.

"Mama, hii page imekuwa mbaya miaka miwili. Na wewe hujakosa kazi hata siku moja, nimeangalia. Ulikuwa unajuaje mahali pa kwenda?"

Nilidakia kwamba swali hilo niulizwe mimi. Akainua kidole bila kunitazama. Chini ya meza nikamkanyaga mama mguu. Akauondoa mguu wake.

"Tulikuwa tunasomeana," akasema. "Mwenye simu nzuri anasomea wengine, kila asubuhi. Mimi nimefundisha darasa la watoto sitini na vitabu kumi. Kitabu kikiwa kimoja, watoto wanasomeana. Hiyo si wizi. Kama si hivyo, hao wazee wako wote wangelala na njaa miaka miwili."

Alisema hayo ameinua kidevu, na mimi nikafunga macho. Nilijua amelitaja kundi, amewataja wote kumi na wawili, na kiapo changu hakikusaidia kitu.

Karani akainua kalamu, akauliza kwa Kiingereza amesema nini.

Mzee aliitazama simu yenye ufa, ziara nne kwenye kioo. Kisha akamjibu karani, kwa Kiingereza, kwamba mhudumu anasema alisaidiwa kusoma rota. Karani akaandika hivyo, na mpaka leo kumbukumbu ya kikao kile inasema hivyo na si zaidi.

Akarudi kwenye Kiswahili. "Hiyo group ife leo," akamwambia mama. "Address za wagonjwa haziwezi kukaa kwa simu za watu."

"Itakufa siku tutaamini simu zenu," mama akasema.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba simu zinasema kweli tangu jana jioni.

Mama akanigeukia. Hakuwa na shukrani usoni, alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. "Wewe uliniambia niamini simu," akasema. "Miaka miwili nimefikiri mjinga ni mimi. Tutaona."

Alirudishwa kazini Jumatatu iliyofuata, na onyo alilopewa aliposimamishwa likafutwa kwenye faili lake. Onyo nililipata mimi, kwa barua kutoka kwa mkuu wetu, kwa kwenda kwa mteja bila idhini. Barua hiyo naiweka kwenye droo ya vijiko, na nikichukua kijiko huwa naiona na sijutii.

Jua la manjano nililifuta mwenyewe. Sasa ukurasa unatofautisha mtu asiye na kazi na simu iliyoshindwa kusoma. Kwa simu iliyoshindwa niliandika: rota haikusomeka, si kosa lako, piga ofisi. Mkuu wetu aliondoa maneno "si kosa lako," kwa sababu ya mawakili wake. Nikayarudisha. Akayaondoa, nikayarudisha. Mara ya nne alichoka. Yapo mpaka leo, na kabla mstari wowote wangu haujatoka, unapita kwanza kwenye simu tatu kuukuu nilizozinunua Peckham, zimelala mezani kwangu pale wenzangu wanapoweka picha za mbwa.

Kundi nalo lilikufa kwa namna yake. Anwani zilifutwa zote, daftari likachanwa, na kila mmoja nikamsaidia kubadilisha neno la siri. Lakini hawakukubali kuamini simu kwa neno langu, na waliniingiza kundini ili nijibu. Kila asubuhi kila mmoja huandika namba moja tu, idadi ya ziara anazoziona, nami nalinganisha na seva: nne, tatu, sita, nne. Mama, kama wenzake, alitakiwa kuacha baada ya mwezi. Hakuacha.

Jumapili moja, miezi mitatu baadaye, nilikuwa bado chini ya blanketi simu ilipolia. Mama alikuwa ameandika: sifuri.

Nilitoka kitandani bila ndala. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, nikaingia kwenye seva, nikatafuta jina lake na tarehe ya siku ile. Nikahesabu mara mbili. Hakukuwa na kitu. Mpanga rota alikuwa amempa Jumapili yake, siku nzima, kwa haki kabisa.

Nikamwandikia: ni kweli, mama, huna ziara leo, pumzika vyema.

Akajibu papo hapo: angalia tena.

Nikaangalia tena.